Pembe Nne za Karatasi ya Matokeo

Jumatatu, 9 Juni

Nimedhulumiwa. Naandika humu kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Mke wangu nimemwambia, akacheka.

Mkutano wa kikundi chetu cha kulinda kura, Macho ya Wananchi, tawi la Ukpekele, umefanyika kwenye baraza ya zahanati. Zahanati hii haina paa. Kwenye vitabu vya serikali ya jimbo imeezekwa mara mbili. Tumeandika barua nne kuomba tuonyeshwe hayo mabati, na mara nne tumejibiwa kwamba faili halionekani. Ndiyo maana Jumamosi ina uzito. Ni uchaguzi wa gavana, na safari hii tumeapa kura za hapa zitahesabiwa kama zilivyopigwa.

Madam Itohan, mwenyekiti wetu, amegawa vituo kumi na vinne. Ni mkunga mstaafu. Nusu ya mji huu imezaliwa mikononi mwake, na anatuongoza kama vile bado tuko uchi. Niliomba nipangwe kwenye ukumbi wa kujumlishia kura. Huko kuna waandishi wa habari, kuna viti, kuna feni. Ukumbi amejipa mwenyewe. Mimi, Anselm Okoduwa, katibu msaidizi, mwenye duka la fotokopi mkabala na halmashauri, nimepewa ukuta.

Ukuta! Kituo 004, shule ya msingi. Kura zikishahesabiwa, msimamizi hubandika karatasi ya matokeo ukutani. Kazi yangu ni kuipiga picha na kumtumia Madam. Basi. Nakubali kwamba miaka minne iliyopita, kituo hicho hicho, walipiga kura watu mia mbili na kidogo, na ukumbini zikasomwa mia tano na tisini. Ya ukutani ilikuwa imechanwa, picha hakuna, ushahidi hakuna. Akina mama walikaa chini pale uwanjani wakalia. Sikupenda kuwaona vile.

Lakini alinishika mkono mbele ya watu wote. "Picha moja, Anselm. Karatasi nzima, pembe zote nne. Bila wewe ndani." Kicheko kikubwa. Eti kwa sababu kwenye mafunzo picha zangu zote kumi na moja zilikuwa na uso wangu. Nilikuwa najaribu mwanga!

Habari njema moja: Jumamosi ya tarehe 21 tawi linachagua mwenyekiti mpya, na huyo ataingia kamati ya jimbo. Kamati ya jimbo! Hoteli. Beji yenye kamba. Maji ya chupa.

Nimeanza kupanga.

Jumanne, 10 Juni

Mpango uko hivi. Mtu hachaguliwi asipojulikana, na hapa kwetu mtu hajulikani asiposikika redioni. Nimekwenda kumwona Oseyi, yule dada wa redio ya mjini, nikamwahidi kwamba Jumamosi saa tisa na nusu, pale pale 004, nitatoa tamko. Akauliza tamko gani na kura hazijapigwa. Nikamwambia ataduwaa. Akasema atakuja ikiwa kutakuwa na chakula. Nimemwahidi akara za mke wangu, zile bajia za kunde.

Nimeandika tamko. Kurasa tatu. Jina langu lilitokea mara tisa, nikapunguza hadi saba kwa unyenyekevu.

Saa kumi, jambo la kutisha. Dizeli ameingia dukani. Dizeli ni kijana wa Mheshimiwa Iyere, na Mheshimiwa Iyere ndiye chama cha Ngazi katika kata hii, kuanzia ofisi hadi bango. Dizeli akiingia duka la mtu huwa hakuja kununua. Leo alibeba Biblia. Akaifungua, akatoa karatasi, akailaza kwenye mashine polepole. Akasema anataka kopi ishirini, safi, na wakati mashine inafanya kazi macho yangu yawe darini.

Niliangalia dari. Lakini nina miaka kumi na minane kwenye kazi hii, na karatasi naisoma hata ikiwa kichwa chini. Ilikuwa fomu ya matokeo ya Tume ya Uchaguzi. Tupu. Nafasi za namba tupu, nafasi za saini tupu.

Nikasema wino umekwisha. Akasema mbona taa ya mashine ni ya kijani. Nikasema kijani ndiyo ya wino kwisha. Akanitazama mpaka nikasikia jasho likitembea mgongoni. Akairudisha karatasi kwenye Biblia, akasema atarudi Alhamisi. Mlangoni akagonga ukuta kwa kidole. "Duka zuri hili, Baba Ebehi. Mbao kavu kabisa."

Nilikaa chini dakika kumi. Nilitaka kukimbia moja kwa moja kwa Madam Itohan. Nilishavaa hata viatu.

Halafu nikafikiri. Nikimwambia leo, yeye ndiye atakayelitangaza, yeye ndiye atakayepigiwa makofi. Nikikaa nalo hadi Jumamosi, nikalifyatua redioni mwenyewe... Tamko sasa lina kurasa nne.

Jumatano, 11 Juni

Sijala vizuri. Kila pikipiki ikipita nadhani ni yeye.

Mke wangu, Mama Ebehi, ameuliza kwa nini nimesukuma meza mlangoni. Nimesema upepo. Akauliza upepo gani unaojua kufungua komeo.

Madam Itohan anazunguka nyumba kwa nyumba huko upande wa 004, anawaambia akina mama wakishapiga kura wasiende nyumbani. Wasubiri, wahesabu kwa sauti pamoja na msimamizi, kila karatasi inapoinuliwa. Anasema kupiga kura ni nusu ya kazi. Wote wanamwitikia. Mimi nikisema neno, watu wanauliza bei ya kopi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya kuliko zote nilizoandika humu.

Sikutaka kufungua duka. Nikaingia asubuhi kwa mlango wa nyuma kuchukua tamko tu. Nikasikia pikipiki. Dizeli! Nikajitupa nyuma ya mashine kubwa. Akagonga. Akaita. Akazunguka. Kisha akaketi. Akavuta benchi langu mwenyewe, akaegemea mlango wangu mwenyewe, akamwita muuza mahindi ya kuchoma.

Alikaa hapo kwa saa mbili na robo. Nimehesabu. Alikula mahindi manne na ube, yale matunda ya zambarau, akawa anatema kokwa zake kwenye ngazi yangu. Mimi huku nyuma ya mashine, magoti kifuani, na chai vikombe viwili tumboni vinavyotaka kutoka. Niliomba watakatifu wote ninaowajua, halafu nikaanza kuomba kwa majina ya walimu wangu wa zamani.

Ndipo simu yake ikalia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mkubwa. Alisema kopi amezipata mji wa pili. Alisema vituo vingine vitaonekana baadaye, lakini ya 004 imeshajazwa, Ngazi mia sita na kumi na moja. Akasema binti wa kituo wataonana naye darajani akipeleka karatasi ukumbini. Akacheka. Akaondoka.

Mia sita na kumi na moja! Kituo chenye watu waliojiandikisha mia tatu na arobaini, na hapo umehesabu marehemu.

Nilikimbilia chooni kwanza. Kisha nikaketi na kalamu. Nina namba, nina daraja, nina jina la Dizeli. Hakuna mtu jimbo zima mwenye habari kama hii. Tamko kurasa sita.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikuwa nimwambie. Naapa. Moyo ulinisuta tangu alfajiri, nikaenda hadi nyumbani kwa Madam Itohan.

Alikuwa mezani na orodha ya namba za simu. Hakuinua kichwa. Akasema amefurahi nimefika, amepata mtu wa kumpendekeza kwa kamati ya jimbo, mtu mtulivu, mwenye akili, asiyejisifu, na anataka maoni yangu. Nikanyoosha shingo. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba mtu wa namna hiyo hapatikani kwa urahisi. Akasema ni kweli. Akauliza: simu ya Mama Ebehi inapiga picha vizuri?

Nikasema simu ya Mama Ebehi ni ya kupiga picha akara.

Akasema vizuri, basi awe karibu na 004, maana atakuwa anauza pale pale. Na mimi nisisahau pembe nne. Nikaaga. Neno la Dizeli likabaki kooni, na nikaliacha libaki. Kama anamtegemea muuza akara, basi amtegemee.

Jioni nimepika gundi. Tume huwa haileti gundi, kila uchaguzi ni aibu, mara iliyopita walibandika kwa ubani wa kutafuna. Mimi nimekoroga uji wa wanga wa muhogo, mzito, mweupe, ndoo nzima ndogo. Karatasi yangu haitaanguka mpaka mwisho wa dunia. Mama Ebehi akapita, akanusa, akasema mbuzi wa jirani yetu Ojeaga wanapenda wanga kuliko majani. Nikamwambia huu ni uchaguzi, si zizi.

Akasema haya, Baba Ebehi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika jua likielekea kuzama. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa mbili na nusu kituo kilifunguliwa. Msimamizi ni binti wa kabila la Tiv, anaitwa Mimidoo, yuko kwenye mwaka wake wa kulitumikia taifa, mwembamba, fulana kubwa kuliko yeye. Mashine ya vidole, ile ya kutambua wapiga kura, ilimsumbua, lakini hakupiga kelele. Foleni ndefu. Mvua ndogo, kisha jua. Dizeli alikuwa ng'ambo ya barabara juu ya pikipiki, miwani nyeusi, na Biblia. Pikipiki siku ya kura imekatazwa. Polisi alimwona, akageuka kuangalia bendera.

Nilimwangalia Mimidoo. Mara mbili nilitaka kumwambia asipite darajani. Mara mbili nikaangalia saa. Oseyi alikuwa hajafika.

Saa nane na nusu kura zilifungwa. Akina mama hawakuondoka. Hata mmoja. Mimidoo akainua karatasi ya kwanza, na uwanja mzima ukaitikia: moja! Ya pili: mbili! Walihesabu hivyo mpaka sauti zikakauka, na walipofika mia mbili nilikuwa nalia, sijui kwa nini, nikasema ni vumbi. Chama cha Kibuyu 219. Ngazi 47. Zilizoharibika tano. Jumla 271, na mashine ya vidole ilisema 271. Mimidoo akaandika, akatia saini, mawakala wa vyama wakatia saini. Mashine ikakataa kutuma, mtandao hakuna. Akauliza kwa aibu kama kuna mtu ana gundi.

Nilijitokeza na ndoo. Makofi! Nilipaka ukuta kwa upana wa mlango. Karatasi ikashika kama ngozi. Mimidoo akachukua bahasha yenye fomu yake halisi, akaanza safari ya ukumbini kwa miguu, na yule polisi mmoja nyuma.

Nikapiga picha. Nilinyoosha mkono, nikakaa upande kidogo, nikatabasamu kwa kiasi. Picha moja, kama nilivyoagizwa. Nikatuma bila kuangalia, maana Oseyi alikuwa amefika na anakula akara ya tatu.

Nusu saa baadaye, Oseyi aliposhiba, tamko lilianza vizuri. Nilikuwa ukurasa wa pili, bado kwenye utoto wangu, nikisikia vicheko nyuma. Nilidhani ni furaha. Simu ikaita. Nikaikata. Ikaita tena. Oseyi akaninong'oneza nipokee, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa ukutani.

Madam Itohan. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. Akaniambia ukumbini wamesoma 004, Ngazi mia sita na kumi na moja. Akaniambia amefungua picha yangu. Akauliza kama naweza kumsomea namba zilizo nyuma ya sikio langu.

Niliangalia. Uso wangu ulitoka vizuri. Kila namba ilikuwa nyuma yake.

Nikasema nampigia picha nyingine sasa hivi. Nikageuka. Ukutani palikuwa na wanga, alama za ulimi, na kipande cha kona moja. Beberu wa Ojeaga alikuwa anatafuna, ananitazama, ndevu nyeupe.

Nilikaa chini. Akina mama wa 004 walikuwa wamesimama wote, na mmoja wao, Mama Ehiaghe, aliyelia miaka minne iliyopita, akaanza tena kulia. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Ndipo Mama Ebehi akapanda juu ya benchi. Akainua simu juu kabisa, kama anatafuta mtandao mbinguni. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema tu: "Imekwenda kwa Madam."

Alikuwa ameipiga picha. Si kwa kunisaidia! Aliona mbuzi amesimama kwa miguu ya nyuma anaanza kula uchaguzi, na mimi nimempa mgongo nimefungua mdomo kwenye kipaza sauti, akasema hii lazima mama yangu, mkwe wake, aione. Picha ya kwanza kabla mbuzi hajang'oa. Namba zote wazi. Saini wazi. Muhuri wazi. Kona moja tu mdomoni.

Tukakimbia. Kilomita mbili, mimi na Mama Ebehi na akina mama wa 004 na Oseyi na kipaza sauti chake. Tulipofika darajani tulimkuta yule polisi amekaa peke yake, kofia mkononi. Hakutuangalia.

Ukumbini Madam Itohan alikuwa amesimama. Mbele yake Dizeli, kifua mbele, akimwambia kwamba mwenye kazi ya kujumlisha ameshasoma, na akisoma imesomwa. Mheshimiwa Iyere alikuwa amekaa chini ya feni na bado anajipepea. Na kwenye kona, kwenye kiti, Mimidoo. Shavu moja limevimba. Kichwa chini. Bahasha aliyofika nayo haikuwa ile aliyotoka nayo, na hakuwa amesema neno kwa mtu.

Madam Itohan akamwambia Dizeli apishe. Dizeli akasema mama, kaa, usijitafutie makubwa. Madam akasogea mpaka pua yake ikafika kwenye kifungo cha shati lake.

"Wewe ulitanguliza miguu," alimwambia. "Kwa muda wa saa kumi na nne mama yako alihangaika, na mimi nilipiga magoti kwenye saruji. Mpaka leo bado unatanguliza miguu. Pita pembeni nimwone mwenye kujumlisha."

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu, lakini ilitosha. Dizeli alimtazama Mheshimiwa, Mheshimiwa akaangalia feni. Dizeli akasogea nusu hatua, na Madam akapita kwenye hiyo nusu.

Akaweka simu mezani. Mwenye kujumlisha akavaa miwani. Akasema mama, hii ni picha ya mbuzi. Madam akasema ndiyo, lakini asome anachokula. Akasema aliomba pembe nne. Hapa kuna tatu za karatasi na mbili za mbuzi, zimezidi. Kisha akaomba waulize mashine ya vidole wamepita watu wangapi. Mashine ikaletwa. 271. Akauliza watu 271 wanawezaje kupiga kura mia sita na kumi na moja kwa chama kimoja, kila mmoja alikuwa na mikono mingapi.

Wakala wa Kibuyu, aliyekuwa kimya siku nzima kwa sababu ya mifuko miwili ya mchele, ghafla akakumbuka kwamba nakala yake iko kwenye soksi. Na Mimidoo akainuka. Nilidhani ataanguka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba saini iliyo kwenye ile ya mezani si yake, walimshika darajani, walimpiga, na hakutia saini. Akarudia: "Sikutia saini." Mara ya pili ilisikika hadi nje.

Ile ya uongo ikawekwa kando. Ikaandikwa 219 na 47. Akina mama wa 004 hawakushangilia. Walipumua, wote pamoja, na wakaanza kutafuta viatu walivyopoteza njiani.

Jumapili, 15 Juni

Picha iko kwenye kila simu. Mbuzi, karatasi, na nyuma yao mimi nimefungua mdomo. Padre ameitaja kwenye mahubiri. Watoto wa Ebehi wamepiga simu kutoka mjini kuuliza babu anaendeleaje na mbuzi.

Ngazi wameshinda jimbo zima hata hivyo. Kata yetu wamepoteza. Madam Itohan hakucheka wala hakununa. Alisema kazi yetu haikuwa kuchagua mshindi, na kesho anaandika barua ya tano ya mabati.

Mchana redio ilicheza tamko langu. Kipande kimoja tu. Kipande ambacho Oseyi alinirekodi tukikimbia, mimi nikihema, nikijisifu kwamba nilijua yote tangu Alhamisi: fomu, daraja, mia sita na kumi na moja.

Saa tisa Madam alikuja. Hakukaa. Aliuliza kama ni kweli. Nikasema nilikuwa nahifadhi habari kwa wakati mwafaka. Akasema akina mama wasingemwacha yule binti apite darajani peke yake. Wangekuwa mia. Asingeguswa. Hakupaza sauti. Akasema Mimidoo hawezi kutafuna kwa upande ule, amempelekea uji.

Niliona haya. Haya ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Nilichukua mikate miwili na ndizi, nikampelekea binti, akapokea kwa mikono miwili na kunishukuru kwa gundi. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya zaidi.

Ilidumu hadi chakula cha jioni.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefikiri kwa utulivu. Bila gundi yangu, mbuzi asingekuja. Bila mbuzi, picha isingepigwa. Bila picha, 004 ingeibiwa. Kwa hiyo nani ameokoa uchaguzi? Najaribu kumweleza Mama Ebehi hesabu hii, anaendelea kumenya kunde.

Uchaguzi wa tawi ni Jumamosi. Madam Itohan hagombei tena. Amempendekeza mgombea wake mbele ya watu wote, wakapiga makofi mpaka nikadhani wamekosea mtu. Mama Ebehi! Mke wangu! Wanachama ishirini na wawili, na ishirini tayari wanamwita mwenyekiti. Yeye anasema atakubali kama akara zitakuwa zimeisha.

Nimegombea. Lazima awepo mtu mwenye uzoefu. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mashine, nimekabidhiwa kuchapa karatasi za kura.

Nimezichapa. Taa ya kijani, wino umejaa. Na ili Jumamosi tusipoteze muda wa watu, nimechapa pia karatasi ya matokeo. Anselm Okoduwa, 17. Mama Ebehi, 5. Nilifikiria kumpa tatu, lakini ni mama wa mtoto wangu, na uchaguzi sharti uonekane wa haki.

Watu husema sijifunzi. Waongo. Safari hii sitabandika kwa wanga. Nimenunua pini.